Wasifu wa Babu Rubani

Anna alinipigia simu asubuhi nikiwa nimeinama juu ya beseni la nguo, akaniambia mama yake amefariki, na kwamba ukoo umekaa ukakubaliana mimi ndiye nitakayesoma wasifu. "Dada Rehema, wewe ndiye uliyeishi naye Dubai. Sisi maisha yake ya huko hatuyajui." Nililia kwanza, tena kwa sauti, kwa sababu Mama Anna alikuwa wangu kuliko ndugu zangu wengi. Kisha nikafunga mkoba, nikasafiri kwenda Kilema, kijijini kwao, na njiani nikaanza kukasirika. Nilipofika nilikabidhiwa karatasi ambayo tayari ilikuwa imeandikwa. Ubatizo upo, kipaimara kipo, kwaya ipo, ugonjwa upo mpaka dawa alizokuwa akimeza, na miaka yote ya Dubai imebanwa katika sentensi moja: "Marehemu pia aliwahi kufanya kazi nchi za nje kwa bidii na uaminifu." Bidii na uaminifu! Ndivyo tunavyowasemea wote, hata waliofukuzwa kazi kwa wizi. Nilikaa jikoni kwake, kwenye kigoda chake mwenyewe, karatasi ikiwa magotini, nikagundua kwamba katika miaka ile yote ninaukumbuka vizuri mmoja tu, mwaka 2012, mwaka ambao mimi na yeye tulitaka kumsikia mzee mmoja akisema jambo moja. Hasira ya mwaka ule nilidhani imekwisha. Kumbe ilikuwa imekaa tu mahali, inanisubiri.

Nyumba ilikuwa Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege kubwa ikipita vikombe vilitetemeka kabatini. Madam aliitwa Karin, Mjerumani, mwanamke mrefu mwenye adabu na haraka nyingi, aliyekuwa na cheo katika ofisi moja kule Oud Metha. Mimi nililetwa kumtunza baba yake. Mzee alikuwa amevuka miaka tisini, mkewe amekufa, na alimfuata binti yake Dubai kwa sababu kwao hakubaki mtu wa kumvalisha soksi. Mbele yake tulimwita "sir." Jikoni tulimwita Babu Rubani. Mama Anna alikuwa mpishi, ameshazoea nyumba ile kabla yangu, mwanamke mnene, mtulivu, ambaye Kiingereza chake kilitosha kununulia samaki na kuombea ruhusa, basi. Wa tatu alikuwa dereva, Wafula, Mkenya wa Bungoma, aliyekula nasi mchana na aliyejua habari za kila nyumba ya mtaa ule kuliko wenye nyumba. Chumba cha mzee kilikuwa chini, upande wa bustani, kina kitanda cha hospitali, kiti cha ngozi kilichochakaa mikononi, na kabati la kioo lililojaa ndege ndogo za plastiki. Zilikuwa za aina moja karibu zote, zenye mabawa yaliyokunjika katikati na miguu isiyokunjwa. Nilizipangusa vumbi kila wiki, na kila wiki moja ilivunjika kitu, na mzee alijua ni ipi.

Alikuwa rubani wa vita. Si wa zile ndege zinazopigana zenyewe kwa zenyewe huko juu. Yeye kazi yake ilikuwa kushambulia vilivyo ardhini. Nilijifunza maisha yake yote ya kazi kipande kwa kipande, asubuhi, nikimnyoa ndevu, maana hapo ndipo alipopenda kuzungumza, sabuni ikiwa shavuni na wembe wangu ukiwa shingoni mwake. Aliingia jeshini akiwa kijana mdogo, akafundishwa kurusha, akapelekwa Ufaransa, halafu nchi za Balkani, halafu Urusi, ambako alikaa mpaka vita vilipowageukia. Alinieleza jinsi unavyoigeuza ndege ikaanguka kichwa chini karibu wima, jinsi damu inavyokimbia machoni unapoivuta kuinuka, dunia ikawa ya kijivu, na jinsi baadaye walivyofungiwa mizinga chini ya mabawa ili watoboe vifaru kwa nyuma, penye injini. Aliangushwa mara kadhaa. Mara moja alitembea kwenye theluji na mguu uliovunjika mpaka akawafikia wenzake. Alivishwa nishani ya shingoni, kubwa, na mtawala wao mwenyewe akampa mkono. Yote haya aliyasimulia kama fundi anayekueleza namna ya kuezeka bati, bila kupandisha sauti, na kusema kweli mwanzoni nilifurahia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, sijawahi kumshika ndevu mtu mwenye historia. Siku moja alinieleza kwamba miguuni mwa ndege zao za mwanzo walifunga king'ora, kikilia wanaposhuka, ili walio chini waingiwe na hofu. Nikamwambia, "Kwa hiyo mlikuwa mnajua kuna watu chini." Akanitazama kwenye kioo. "Chini kulikuwa na adui," akasema, akanionyesha kidevuni kwamba nimeacha nywele.

Ijumaa mchana walikuja wageni. Walikuwa wanaume wa makamo, Waingereza, Wajerumani, mara mmoja Mhindi mwenye kampuni ya vipuri, wote wapenzi wa ndege za zamani, wote wakibeba maboksi yenye ndege za plastiki ili mzee azitie sahihi tumboni. Madam hakuwapenda. Aliwavumilia kwa sababu baba yake alikula vizuri siku hizo. Mama Anna alioka keki ya tufaha aliyofundishwa na mzee mwenyewe, mimi nikasukuma kiti cha magurudumu mpaka sebuleni, nikasimama nyuma yake na kitambaa cha kumpangusa mdomo. Na kila Ijumaa waliomba kisa kilekile, kisa cha daraja. Ndicho kilichompatia nishani. Adui anarudi nyuma kuvuka mto mkubwa, daraja moja tu limebaki, moshi, risasi zinapanda kama mvua iliyogeuzwa, wenzake wawili wamekosa shabaha, yeye anashuka peke yake, anaachia bomu, daraja linakatika katikati. Kisha angenyanyua kiganja na kukilaza polepole juu ya meza. "Juu ya maji hapakubaki kitu," angesema, na wale wanaume wazima wangevuta pumzi kama watoto. Nimekisikia kisa hicho mara nyingi mno. Ningeweza kukisimulia mimi, pamoja na kiganja.

Ijumaa moja alikuwa amechoka, ana homa kidogo, na alipokifikisha kisa mwisho hakunyanyua kiganja. Alisema, "Juu ya maji hapakubaki kitu, isipokuwa ng'ombe. Ng'ombe mmoja mweupe. Aliogelea mpaka ng'ambo." Wageni wakacheka, mmoja akasema hata ng'ombe wa Urusi ni mkaidi, wakahamia kwenye habari za injini. Mimi nilibaki na kitambaa mkononi. Niliporudi jikoni nikamweleza Mama Anna, naye akaacha kuosha vyombo, maji ya bomba yakaendelea kumwagika. "Ng'ombe?" akasema. "Mwanangu, ng'ombe anatafuta nini kwenye daraja la vifaru?" Wafula, aliyekuwa anamalizia keki, akasema, "Si walikuwa wanakula nyama hao masoja? Labda ni chakula yao." Mama Anna akatikisa kichwa. "Ng'ombe wa kuchinjwa hapitishwi darajani wakati wa kukimbia. Anayepita wakati huo ni wa kuvuta. Anavuta gari. Na gari la ng'ombe halibebi askari, linabeba godoro, kuku na bibi." Akageuka, akafunga bomba. Tangu siku ile mimi na yeye hatukuwa na jambo lingine.

Watu wataniuliza lilinihusu nini. Wafula aliniuliza hivyohivyo: "Madhe, hiyo vita imeisha kitambo, wewe shida yako ni gani?" Leo ninalo jibu moja tu, kwamba nilikuwa ninamnyoa. Mtu unayemwosha mwili kila siku huwezi kuvumilia akudanganye kila Ijumaa mbele ya keki. Nilitaka aseme. Si kulia, si kuomba msamaha, wala sikujiona hakimu. Nilitaka tu, mara moja, asimulie kisa cha daraja na waliokuwa juu yake wawemo. Basi nikamuuliza. Nikaweka wembe pembeni kwanza, kwa akili. "Sir, yule ng'ombe mweupe alikuwa anavuta nini?" Povu likaanza kukauka usoni. Kisha akapiga kikombe cha uji kwa mkono, uji wa ulezi wa Mama Anna ukaruka mpaka kwenye kabati la kioo, akasema hataki kunyolewa na mimi. Jioni madam aliniita sebuleni, amevua viatu, amechoka. "Rehema, baba yangu ni mzee sana. Umeajiriwa kumfanya astarehe. Mambo ya vita usimuulize. Basi, khalas." Nilisema ndiyo, madam. Nilisema ndiyo nyingi mwaka ule.

Asubuhi iliyofuata alininyooshea shavu kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki zikapita hivyo, yeye akisimulia, mimi nikinyoa, ng'ombe akiwa katikati yetu hatajwi. Halafu akafa kijana mmoja wa kwetu, fundi bomba, kwa malaria ya kichwa aliyorudi nayo kutoka likizo, na Watanzania tukakusanyika katika nyumba moja Al Baraha, gorofa ya zamani yenye harufu ya vitunguu, kusali na kuchanga kabla mwili haujasafirishwa. Niliomba ruhusa, nikaenda na Mama Anna. Tulikaa chini kwenye mikeka, Wakristo na Waislamu tumechanganyika, mama mmoja wa Kizanzibari akigawa kahawa na kusema, "Kunyweni, wanangu, msiba hauliliwi kwa tumbo tupu." Mwenzake wa chumba akasimama kusoma wasifu. Alipofika penye shule akakwama, akauliza, "Jamani, la saba alimalizia wapi?" na binamu yake akajibu kutoka mlangoni, akaendelea. Ndivyo ilivyo kwetu. Msomaji akikosa kitu anageukia watu, na anayejua anasema kutoka alipokaa, na hakuna anayeona aibu.

Niliporudi mzee aliniuliza nilikuwa wapi, nikamweleza. Sikuwahi kumwona akinisikiliza vile. Alitaka kujua kila kitu: nani anasoma, anasoma amesimama au amekaa, watu wanajibuje. "Na kama wanakosea?" akauliza. "Marehemu hawezi kuwarekebisha." Nikamwambia hapana, ndiyo hasara ya kufa. Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake, sabuni ikiwa shavuni, akasema anataka wasifu wake usomwe kwa mtindo wa kwetu, na usomwe angali hai, ili tukikosea atusahihishe. Nilidhani ni mzaha. Lakini aliurudia asubuhi baada ya asubuhi, kwa ukali wa mtu aliyezoea kutoa amri, mpaka nikamweleza Mama Anna, nikidhani atakemea. Yeye akafuta mikono kwenye aproni, akafikiri. "Mwenye msiba ameomba," akasema. "Nani atamkatalia?"

Tulifanya mchana, siku ya kazi, madam akiwa ofisini. Nikiikumbuka leo nacheka na kuumia papo hapo. Mzee alitaka avae suti, tukamvalisha. Akataka alale kitandani chali kama maiti, mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa, tukamlaza. Mama Anna alijifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, akakaa chini miguuni pa kitanda, kwa sababu alisema msiba usio na mtu aliyekaa chini si msiba. Wafula ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Alisimama karibu na kabati la ndege, kofia mkononi, akasema kwa Kiingereza cha mikutano kwamba tumekusanyika kumsindikiza mzee wetu, kisha akaniashiria, "Yalla, Rehema, tupe historia." Mama Anna akaanza kulia. Nilidhani anaigiza. Baadaye aliniambia alimkumbuka mumewe, na kwamba akikaa chini na kanga kichwani machozi huja yenyewe. Nikasimama, bila karatasi, maana kila kitu nilikuwa nacho kichwani.

Marehemu alizaliwa, nikasema kwa Kiingereza, nikimgeuzia Mama Anna kwa Kiswahili, katika kijiji chenye kinu cha maji, baba yake alikuwa mwalimu. Kutoka kitandani mzee akasema, bila kufumbua macho, "Mwalimu mkuu." Nikasahihisha. Nikaenda naye jeshini, nikamrusha Ufaransa, nikamfikisha Urusi. Nikataja theluji na mguu, na Mama Anna akaguna, "Pole, baba." Nikataja vifaru. Uso wa mzee ulikuwa umetulia kama wa mtu anayepakwa mafuta. Nilijua ninapokwenda, na Mama Anna naye alijua, kilio chake kilipungua sauti. "Marehemu alitumwa kuvunja daraja," nikasema, "naye akalivunja. Juu ya daraja palikuwa na..." Nikanyamaza. Nikageukia kitandani, kama tunavyogeukia wafiwa. "Juu ya daraja palikuwa na nini, jamani?"

Ndege ilipita juu ya nyumba, vitu vikatetemeka kabatini, ikaisha. Mzee alikuwa amefumba macho bado. Mikono yake iliyokunjwa ilianza kusogea kwenye suti, kidogokidogo, kama inatafuta kifungo. "Mikokoteni," akasema. Mama Anna aliniambia kwa macho, endelea, usimwachie. "Mikokoteni," nikarudia, kwa sauti ya kusoma. "Na juu ya mikokoteni?" Akafungua kinywa. Niliona ulimi wake ukijiandaa. Na mlango ukafunguliwa, madam akaingia na mkoba begani, akiwa amerudi kuchukua miwani.

Mwenyezi Mungu anajua nilivyomchukia yule mwanamke dakika ile, na anajua pia kwamba hakustahili. Hebu fikiria alichokiona. Baba yake amelazwa kwa suti, mikono kifuani, mpishi chini anaomboleza amejifunika kichwa, dereva amevua kofia, na mimi katikati ninahutubia. Alipiga ukelele nisiousahau, akamrukia baba yake, na baba yake alipofumbua macho akapiga wa pili. Nilisema ni desturi yetu, na jinsi nilivyosema ndivyo lilivyozidi kuwa baya. Nikaona kabisa anadhani tumemfanyia mzee uchawi, au tunamchezea kifo chake ili tucheke jikoni. Wafula alijaribu, "Madam, it was his idea," naye akamwambia akasimame kwenye gari. Nilimgeukia mzee anitetee. Alikuwa anamtazama binti yake anavyotetemeka, na uso wake ulikuwa umejifunga. "Ulikuwa mchezo tu, Karin," akasema. Mchezo! Mpaka leo sijui kama alimwonea binti huruma au alijiokoa mwenyewe, na nadhani hata yeye asingejua.

Hakutufukuza. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na kutafuta watu wengine kungemchukua muda. Alileta muuguzi kutoka kwa wakala, mimi nikahamishiwa nguo na ngazi, nikakatazwa kuingia chumba cha mzee. Huo ndio ulikuwa mwisho, na si kwamba mzee hakujaribu. Nikipita na kikapu cha nguo, mlango ukiwa wazi, niliona amegeuza kiti kuelekea kwenye ukumbi, ndevu zimenyolewa vibaya, akinitazama kama mtu aliyeshika kitu na hana pa kukiweka. Mara moja aliita jina langu. Muuguzi, msichana mwema, alinitabasamia na kusukuma mlango kwa mguu, maana alikuwa ameagizwa. Nilisimama pale na mashuka ya watu mikononi, nikatamani kuyatupa yote kwenye bwawa la jirani. Ijumaa wageni waliendelea kuja. Kisa cha daraja kiliendelea kusimuliwa, nikikisikia kutoka kwenye meza ya kupigia pasi, na ng'ombe hakurudi tena. Kabla mwaka haujaisha kifua kilimbana, akalazwa katika kliniki moja Oud Metha, na hakutoka.

Ibada ya kumuaga ilifanyika kanisani, kulekule Oud Metha. Mimi na Mama Anna tulipelekwa kuhudumia kahawa, kwa hiyo tulisimama nyuma kabisa, karibu na meza yenye birika na keki ya tufaha. Mmoja wa wale wageni wa Ijumaa, mwenye ndevu nyekundu, ndiye aliyesoma maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, siwezi kumsingizia. Kijiji, kinu, mwalimu mkuu, jeshi, Ufaransa, theluji, nishani. Madam alikaa mbele, mgongo umenyooka, akilia bila sauti, nami nilimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, hisia ambazo sijui ziliwezaje kukaa kifuani pamoja. Msomaji akafika darajani, nami nikamnong'oneza Mama Anna. Akasema jinsi wenzake walivyokosa, jinsi yeye alivyoshuka peke yake, na kwamba juu ya maji hapakubaki kitu. Hapo akageuza ukurasa, kurasa mbili zikawa zimegandana, akanyamaza kuzitenganisha. Kanisa zima likanyamaza naye. Nilijua ukimya ule. Kwetu, ukimya ule ni wa watu. Msomaji amekwama, anayejua aseme. Nikafungua kinywa, na Kiingereza changu chote kikanikimbia.

"Na ng'ombe."

Ilikuwa sauti ya Mama Anna. Alisema kwa Kiswahili, wala si kwa kunong'ona, kwa ile sauti ya kujibu msibani, birika likiwa mkononi. "Na ng'ombe mmoja mweupe. Na mikokoteni. Na watu." Vichwa viligeuka. Madam naye aligeuka, akatutazama kwa macho mekundu. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu nasi akamuuliza Wafula, aliyetuleta na sasa amesimama mlangoni, yule mama amesema nini, na Wafula, Mungu amsamehe, akajibu upesi, "She is praying, sir." Watu wakainamisha vichwa kwa heshima. Msomaji akatenganisha kurasa, akaendelea na maisha baada ya vita, jinsi marehemu alivyouza mashine za kumwagilia mashamba na kuwa mtu wa watu. Mama Anna akamimina kahawa. Tulipokuwa tunaosha vikombe nilimwambia hakuna aliyeelewa hata neno. "Najua," akasema. "Lakini lilisemwa, na yeye alikuwepo kwenye jeneza." Alinikasirisha sana kwa utulivu ule. Nilitaka aelewe kwamba tumeshindwa. Alijua, na bado aliosha vikombe.

Basi jana nikasimama mbele ya watu wa Kilema, chini ya turubai, na karatasi yao. Nilisoma ubatizo, nikasoma kipaimara, kwaya, ndoa, kifo cha mumewe. Nilipofika kwenye sentensi ya bidii na uaminifu nikashindwa kuitamka, nikaikunja karatasi. Nikasema marehemu alikuwa mpishi Dubai, katika nyumba ya mzee aliyekuwa rubani wa vita, shujaa mkubwa kwao. Nikasema mzee huyo akaja kufa, maisha yake yakasomwa kanisani mbele ya watu wenye heshima zao, na msomaji alipokwama, katika kanisa lote, ni marehemu peke yake aliyejibu. Nikanyamaza kidogo kumeza mate. Sikuwa nimekwama, lakini watu wa msibani hawajui tofauti.

"Alijibu nini?" akauliza mtu kutoka mbele.

"Alisema, na ng'ombe."

Minong'ono ikapita. Anna alinitazama kwa hofu, akidhani huzuni imenizidi. Mchungaji akatazama saa. Nilihisi ile hasira ya Al Garhoud ikinipanda tena, kwamba hata hapa, hata kwao, nitabaki nimesimama na kitu ambacho hakuna anayekitaka. Ndipo kutoka upande wa masufuria, mama mmoja nisiyemfahamu, aliyekuwa anamenya ndizi, akanyanyua uso wake na kuuliza kwa sauti, kama mtu yeyote wa kule anayesikia habari za ng'ombe angeuliza:

"Ng'ombe wa nani?"

Mwaka mzima wa maisha yangu nilitaka mtu mmoja aulize hivyo. Nikamwambia, mama, sijui, hatukumjua mwenyewe. Akaweka kisu chini.